Mikono Isiyokuna Nazi

Kila mwanafunzi mpya anayeletwa kwangu namuuliza swali moja kabla hajagusa piano: nyumbani wakuna nazi? Wazazi hutazamana. Wengine huona bibi huyu keshaanza kupotelewa na akili. Mtoto akisema ndiyo, namkalisha, tunaanza. Akisema mama amemkataza asije akaharibu vidole, namrudisha nyumbani akakune kwanza, na wiki ijayo nataka kuona mkwaruzo. Mama mmoja wa Nyali aliniambia mwanawe hajui hata mbuzi ya nazi inafananaje, kwao tui hutoka kwenye pakiti. Nikamwambia basi na aoshe masufuria, mimi sichagui.

Jukwaa nimeshaliacha. Magoti hayataki ngazi na macho hayataki nota ndogo. Nawaandikia nyinyi mnaoanza kwa sababu mimi sikuandikiwa na mtu. Nilipoianza kazi hii ya kupiga piano mbele ya watu, muziki ule mrefu wa Wazungu wa kale usio na maneno, upande wetu huu wa Changamwe hapakuwa na mkubwa hata mmoja aliyeipitia nikamuulize. Mengi niliyokosea niliyakosea kwa kukosa wa kumuuliza.

Na nitasema mapema nilichokitaka miaka yote ile, msije mkakitafuta. Sikutaka picha gazetini. Nilitaka mama yangu aje aketi ukumbini anisikie. Basi, hilo tu, na liliniponyoka miaka na miaka.

Mama alikuwa akiuza mahamri na mbaazi karibu na lango la uwanja wa ndege. Wateja wake walikuwa wapakuzi wa mizigo, madereva wa teksi na wafagizi wa zamu ya asubuhi. Mbaazi zataka tui, tui lataka nazi, na nazi haijikuni. Nazi saba kila siku ya Mungu. Baba alikuwa kuli bandarini, akafariki sijaanza shule, kwa hiyo nyumba yetu ya Chaani ilikuwa ya watu wawili. Mtoto wa kike mmoja, nazi saba. Hata asiyesoma aliiona kazi yangu ilipo.

Jumamosi tulipeleka mahamri ya oda kwa Mwalimu Olinda. Huyu alikuwa Mgoa, mwalimu mstaafu, asiye na mume wala mtoto, akikaa peke yake katika nyumba ya zamani yenye baraza huko Port Reitz, si mbali na hospitali. Ndiye aliyekuwa akipiga kinanda kanisani kwetu. Siku moja, nami nina miaka minane, mama akawa anapanga mahamri jikoni, mimi nikapenya sebuleni nikakuta piano imefunuliwa. Nikautafuta kwa kidole kimoja wimbo tuliouimba Jumapili. Nikaupata. Nikautilia mkono wa kushoto. Jikoni kukawa kimya, nikajua nimekamatwa.

"Nani fundisha wewe?" Kiswahili cha Mwalimu Olinda kilikuwa hivyo, kila neno limesimama peke yake.

"Hakuna, mwalimu."

Akamgeukia mama. "Huyu mtoto leta kwangu kila siku. Si kwa mahamri."

Mama alicheka. Alidhani ni mzaha, na alihesabu hivyo mpaka siku ya tatu nilipochelewa kurudi.

Sasa niwape kidogo ya ufundi, maana najua wengine mmekuja kwa hilo. Piano ya pwani ni mgonjwa wa kulea. Chumvi hula nyaya, unyevu huvimbisha mbao, mende hula vitambaa vya ndani. Mwalimu Olinda alikuwa akiwasha balbu ndogo ndani ya piano yake, chini kule kwenye pedali, mchana kutwa, ili ikauke. Stima ikipotea siku mbili, piano inanuna. Juu, ndani ya kifuniko, aliweka soksi iliyojazwa mchele mkavu, na vipande vya kafuri kwa ajili ya wadudu. Dawa hizo nazitumia mpaka leo, na mafundi wanaotoka Nairobi hunicheka, halafu huniuliza kafuri nanunua wapi.

Tatizo ni kwamba harufu ya kafuri hushika nguo. Na mnajua kafuri kwetu huku ni ya nini. Majirani wetu Waislamu waliijua kwa kuandalia maiti, na watoto wao walikuwa wenzangu darasani. "Kadzo wanuka sanda," waliniambia, wakasogea. Sikuwalaumu, nilikuwa nanuka kweli. Wakati wa mapumziko wao walicheza kati, mpira ukiruka huku na huku, mimi nilikaa ukutani kwa kuwa nilikatazwa kudaka. Nilikuwa mtoto mpweke kabla sijajua neno lenyewe.

Katazo lilikuja hivi. Nilipofika miaka kumi na miwili, Mwalimu Olinda alinionyesha kidole chake cha pete cha mkono wa kushoto, kisichokunjika. Alipokuwa msichana naye alikuwa akijiandaa kwenda kusoma muziki ng'ambo. Wiki mbili kabla ya safari akawa anakata samaki, changu, jikoni kwao, kisu kikateleza. "Kisu moja, samaki moja, basi," alisema. Kesho yake akafunga safari kwa miguu, na mwavuli wake, mpaka Chaani, kwa mara ya kwanza na ya mwisho. Akamwambia mama kwamba tangu siku hiyo nisishike kisu, nisikune nazi, nisiinue ndoo, nisikaribie sufuria ya moto.

Mama alimsikiliza mpaka mwisho. "Na kula je, atakula kwa mikono ya nani?"

"Kula sawa," alisema Mwalimu Olinda, ambaye hakuwa mtu wa mzaha.

Mama akazitazama zile nazi saba zilizolala pembeni. Nilimwona akizitazama. Kisha akasema, "Haya, mwalimu. Nimesikia."

Kuanzia jioni ile alizikuna zote yeye. Mimi nilikaa karibu naye na ubao wangu. Jirani yetu mmoja seremala alinilainishia ubao mrefu na kuupaka rangi, nyeupe na nyeusi, mfano wa meno ya piano, nipate kufanya mazoezi nyumbani. Ubao haukuwa na sauti. Nilikuwa nikipiga sonata nzima, kipande kirefu cha piano, pale uani, vidole vikikimbia, na kilichosikika ni mbuzi ya mama tu, kwaru kwaru, mpaka nazi ya saba. Nilipokosea nilijua mwenyewe. Jirani akipita alimsalimu mama kwa pole, halafu alinitazama mimi na ubao wangu asijue aseme nini.

Meno niliyoyataja ni vile vibao unavyobonyeza. Mwalimu aliviita kwa jina la Kizungu, mimi niliviita meno, na wanafunzi wangu wote huviita meno. Katika piano ya Mwalimu Olinda palikuwa na jino bovu moja, ile nota ya re ya katikati. Kiangazi lilikuwa zima. Masika yakiingia lilivimba, na bila kulipiga kwa nguvu zote halikutoa hata mguno. Mimi bila kujua nikazoea. Mkono wangu ukifika pale ulijiongezea nguvu wenyewe.

Onyesho langu la kwanza la watu wa kulipa kiingilio lilikuwa katika ukumbi wa hoteli moja ya Nyali, miaka ya themanini ikiwa katikati. Piano ilikuwa kubwa, nyeusi, ikikaa chumba chenye baridi ya mashine mwaka mzima, haijui masika wala kiangazi. Nikaanza. Kila nilipofika kwenye re, ukumbi mzima ulishtuka. Nilikuwa kama mtu anayepigilia msumari katikati ya wimbo wa kulalia mtoto. Mbele kabisa palikuwa na bibi mmoja mtalii, na kila re ilipolia aliruka kidogo na mkoba wake. Kufika ukurasa wa tatu akawa anairukia kabla haijafika. Nilijaribu kuizuia mikono ikakataa. Miaka sita ya masika haiondoki kwa dakika moja.

Mwalimu Olinda alinisubiri nyuma. Nilidhani atanigombeza. "Leo si wewe imepiga," alisema. "Leo piano yangu imepiga." Nilicheka, naye akalia. Ndiyo maana nawaambia, mkipelekwa mbele ya piano ya watu, fikeni mapema, mlipigie hodi kila jino, moja moja, mlijue tabia yake. Msiingie na ugomvi wa nyumbani.

Mama hakuwepo siku hiyo. Alisema mvua.

Nilipokuwa na miaka kumi na saba alifariki hawe, bibi yangu mzaa baba, huko kwetu Rabai. Tukaenda matangani. Jumatatu iliyofuata nilikuwa nasubiriwa na mtahini kutoka ng'ambo, aliyekuja kuwasikiliza vijana na kumchagua mmoja akasomeshwe. Mwalimu Olinda alikuwa amenishika mabega akaniambia, mikono, Kadzo, mikono.

Matanga ya kwetu mnayajua. Wanaume huketi na kuzungumza, wanawake ndio matanga yenyewe. Kuna maji ya kuteka, kuni, nazi, mboga za kukata, sima ya watu mia ya kusonga. Mwanamke hulia huku ameshika kitu. Asiyeshika kitu ni kama anasema maiti huyu si wangu. Na mimi, mjukuu aliyelelewa mgongoni mwa hawe, niliketi mkekani na mikono mapajani kama nimekuja kupigwa picha.

Shangazi Nyevu, dada yake marehemu baba, alikuwa na ulimi. Alisimama na mwiko mkononi. "Hebu jamani, huyu mwenzetu ni mgeni wa heshima? Mleteeni maji anawe."

Wanawake wakacheka. Mama alikuwa ameinama kwenye sufuria, akisonga zamu yake na zamu yangu. Hakuinua kichwa. "Mwacheni," alisema. "Yuko kazini."

Wakacheka zaidi. Yuko kazini, na mimi nimekaa! Nilitaka kuinuka. Palikuwa na rundo la mihogo na kisu kando yake, hatua nne kutoka nilipoketi, na hakuna aliyenifunga miguu. Nikavitazama vidole vyangu, nikamfikiria yule mtahini, nikabaki pale pale. Najuta mpaka leo. Watu husema tumejifunza kutokana na makosa yetu. Mimi la siku ile sikujifunza kitu, niliumia tu.

Mtahini alinichagua. Mama alinisindikiza uwanja wa ndege kwa miguu, maana palikuwa mlangoni kwetu, akauza mahamri yake pale pale langoni mpaka ndege ilipoondoka.

Huko ng'ambo nilikaa miaka mitatu. Mengi ya huko mtayaona wenyewe, ila moja lazima niwaambie. Nilipanga nyumba moja na wanafunzi wenzangu, na mmoja wao, msichana wa Kipolandi, alikuwa na mikono myepesi kuliko sisi wote. Jioni ya kwanza nikamkuta jikoni anakatakata vitunguu mbiombio kama mpishi wa harusi.

"Mwalimu wako ajua?" nilimuuliza.

"Ajua nini?"

"Kwamba washika kisu."

Aliniangalia, akacheka, akanipa kisu cha pili. Sikukipokea. Kesho yake nikamuuliza profesa wetu, mzee aliyekuwa amepiga piano katika kumbi zote kubwa za kwao. Akaniambia kwake ana bustani, hulima mwenyewe, na kuni za msimu wa baridi huchanja mwenyewe. "Uiogope baridi," alisema, "usiogope sufuria. Mkono ni mkono, hutumika."

Nikarudi chumbani nikafunga mlango. Nazi saba kwa siku, zaidi ya miaka mitano. Hawe wangu aliyezikwa bila mimi kumshikia hata muhogo. Nililia kwa hasira, kisha nikamwandikia Mwalimu Olinda barua ya maneno makali. Sikuituma. Baada ya miezi miwili nikapata habari kwamba amefariki, na piano yake ameniachia mimi. Barua ile niliichana. Alinifundisha kila kitu alichokijua, na alichokijua kuhusu visu ni kisu kimoja tu.

Niliporudi nyumbani, hata begi sikulifungua. Nilikwenda moja kwa moja uani, nikaikalia mbuzi, nikachukua nusu ya nazi na kuanza. Mama alitoka mbio.

"Ondoka wee! Vidole!"

"Mama, si kweli. Niliuliza huko. Naweza kukuna."

"Hebu nipa."

"Mama, wallahi naweza." Tuliokulia Chaani sote twaapa wallahi, Wakristo kwa Waislamu.

"Kadzo, nipa nazi yangu. Nishazoea." Akaichukua mkononi mwangu taratibu, bila ugomvi, na mimi nikainuka. Sikuwa nimelitazamia hilo. Nilidhani nitarudi nimtue mzigo, kumbe mzigo ulishakuwa wake, na mimi sikuwa na nafasi pale. Katika matanga ya baadaye vilevile. Nilipopiga goti penye mboga, wanawake walinipokonya kisu kwa heshima zote: "Wacha, mwalimu, utajikata." Wakanitandikia mkeka upande wa wageni, karibu na kasisi. Shangazi Nyevu mwenyewe ndiye aliyeniletea chai. Heri angenitukana.

Basi nikabaki na piano. Nilipiga Nairobi mbele ya okestra, nilipiga katika hoteli za Nyali, katika shule, mara mbili tatu nikaitwa nje. Nilihamia Port Reitz katika vyumba viwili, kimoja cha piano na kimoja changu, nikafanya mazoezi saa sita kila siku. Hakuna wa kukupokea zamu. Seremala ana mwenzake wa kumshikia ubao, kuli ana wa kumtwika. Mpiga piano akikwama hukwama na ukuta. Jirani mmoja, mzee wa Kidigo kutoka Likoni aliyekuwa mwema sana kwangu, alinisalimu kila asubuhi kwa miaka kumi na swali lilelile.

"Wafanya kazi wapi, binti yangu?"

"Napiga piano, babu."

"Mashallah. Na kazi?"

Niwahadithie jioni moja, halafu mtajua upweke wa kazi hii ukoje. Nilikuwa katika hoteli, ukumbi umejaa wageni waliotoka ufuoni na ngozi nyekundu. Katikati ya kipande kirefu, mawazo yakanitoka, nikaruka ukurasa mzima. Mzima! Ni kama msomaji wa msiba aliyeruka jina la marehemu. Nikatoka jasho, nikamaliza, nikasimama nikingoja aibu. Wakapiga makofi, wakasimama, bwana mmoja akanipa ua. Hakuna aliyejua. Mwalimu Olinda angekuwepo angenikata jicho. Nilikula chakula changu peke yangu chumba cha kuwekea mashuka, ndicho nilichopewa kubadilishia nguo, na nikatamani mtu mmoja tu wa kuniambia umekosea.

Kila onyesho nilimpelekea mama kadi. Alizipokea kwa mikono miwili, akazitundika kwenye msumari mmoja ukutani mpaka zikawa kitabu. Hakuja. Mara mguu, mara mbaazi ziko motoni, mara kuna msiba, mara hana viatu, na nilipomnunulia viatu, vikawa vyabana. Niliamua moyoni kwamba ana hasira na zile nazi. Sikumuuliza. Kiburi nilichosingiziwa matangani, hapo sasa nilikuwa nacho kweli.

Mwisho nikasema, asipokuja kwenye piano, piano itakwenda kwake. Nikaomba ukumbi wa kanisa letu Changamwe, Jumapili saa kumi jioni, watu waingie bure. Ukumbi haukuwa na piano. Nikaenda langoni uwanja wa ndege, kwa wapakuzi waliokula mahamri ya mama tangu nikiwa mtoto, nikawaomba wanibebee ya Mwalimu Olinda. Wanane walijitokeza, na lori la kuazima. Piano si mzigo wa mchezo, ndani mna chuma. Walipoitua ukumbini, mkubwa wao alipangusa uso akaniambia, "Hiki ndicho unachopambana nacho kila siku? Sisi mara moja tu na migongo imekataa."

Na mama akaja. Hakunijia mimi, aliwajia wao. Watu wanane wamebeba mzigo wa mwanawe, asiwapelekee chakula? Alikuja na kikapu kikubwa, sufuria ya mbaazi ndani na mahamri juu yake, akawalisha nje pale kivulini. Walipoingia kusikiliza, akaona haya kubaki nje peke yake. Akaingia, akakaa nyuma kabisa karibu na mlango, kikapu miguuni. Nilimwona, nikaketi kwenye piano.

Stima ilikuwa imepotea. Feni hazizunguki, madirisha wazi, joto la kupikia. Nilipiga kile kipande kirefu kuliko vyote ninavyovijua, dakika arobaini, bila karatasi. Sitawadanganya kwamba nilipiga vizuri kuliko siku zote. Mwishoni mikono ilikuwa inateleza kwa jasho, na meno mawili niliyakosa wazi. Gauni lilinishika mgongoni. Nilipoinuka kuinama, matone yalidondoka kutoka puani mwangu hadi kwenye mbao za jukwaa, na watoto wa mbele wakacheka.

Watu walipoanza kutoka, mama alikuja mbele polepole. Alikuwa ameshavua leso ya juu. Akaanza kunipangusa uso, shingo, kama nilipokuwa mdogo nikitoka kuoga.

"Umelowa hivi?"

"Ndivyo ilivyo, mama."

"Kila siku?"

"Kila siku."

Akanishika mkono, akaupapasa kutoka kifundo hadi kwenye kiwiko, akabonyeza ile misuli migumu ya juu. Akafanya hivyo na wa pili. Alikuwa amekunja uso.

"Mimi nilidhani wapumzika," alisema. "Miaka yote hii. Nilidhani mwalimu yule amekufundisha kukaa."

"Lakini uliwaambia watu niko kazini."

"Niliwadanganya. Ungekuwa wewe ungesemaje, nao wamcheka mwanao? Nikawadanganya Rabai, nikawadanganya Chaani, kila mtu. Na jioni naomba Mungu anisamehe." Akakunja leso, akaikunjua tena. "Ndo maana siji. Niliogopa nije nikuone umekaa tu kitini, watu wakutazama, na mimi nijue kwa macho yangu kuwa nimesema uongo."

Niliketi tena kwenye kiti cha piano.

"Kumbe ilikuwa kweli," alisema. Halafu akanitazama usoni, na akaniambia jambo ambalo kila mfanyakazi wa nchi hii huambiwa mara kumi kwa siku, hata mfagizi, hata anayebeba maji: "Pole na kazi, mwanangu."

Nilishapata hongera nyingi, na maua, na makofi ya watu waliosimama. Pole na kazi sikuwahi kuambiwa na mtu yeyote maishani mwangu.

"Nishapoa, mama," nilimjibu.

Hakusema kama muziki ni mzuri, na mimi sikumuuliza. Alirudi nyuma akakusanya sahani za wapakuzi, akazipanga ndani ya kikapu pamoja na sufuria, akashika mshikio mmoja. Kisha akasimama, akangoja, ule wa pili akaniachia mimi. Tukakiinua pamoja tukaenda nacho Chaani. Kilikuwa kizito, na hakuniuliza kama naweza.